Wiki Tuliyoacha Kusema Karibu

Yule bwana wa kampuni alinikuta napepeta mchele. Ungo mkononi, pumba mpaka kwenye kope, khanga moja kiunoni na nyingine imeanguka chini. Alisimama kwenye kona ya jiko langu, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope, akapiga hodi. Nikasema, "Karibu. Karibuni sana," kwa kuwa walikuwa wawili, yeye na mwenzake aliyebeba kamba ndefu ya kupimia.

Nikawapa vigoda. Nikawapa maji, nikawapa na viazi vitamu nilivyochemsha asubuhi. Walikula vizuri. Wakauliza tupo wangapi humu ndani, shamba linaanzia wapi na kuishia wapi, marehemu mume wangu amelala upande gani. Nikawajibu kila kitu. Wakati wa kuondoka yule bwana akaniambia, "Mama, tutakuwa tunapitapita hapa kidogo."

"Karibuni," nikasema tena.

Akaandika. Ningejua anaandika nini, ningemmwagia yale maji ya viazi kichwani.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi bado vipya. Kijiji chetu kiko bondeni, mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Ifakara, upande wa mto. Wazee wetu walishuka kutoka Mahenge wakakuta ardhi nyeusi inayoshika mguu mpaka kwenye goti. Mimi na mume wangu tulifyeka ekari tatu kwa mkono, tukajenga dungu letu la miti juu ya maji, na humo ndani ya dungu nilimzaa mwanangu wa kwanza huku viboko wanalia chini. Kwenye shamba hilo nililima mpunga wa supa, nililima na ule wa shingo ya mwali. Mpunga wangu wachuuzi wa Mlimba waliuulizia kwa sifa zake. Najisifu, ndiyo. Sina kingine cha kujisifia, shule niliishia darasa la tatu.

Walichotafuta ni mafuta. Tulipoambiwa "mafuta yako chini ya mashamba yenu," sisi tulielewa mafuta ya taa. Bibi mmoja jirani yangu aliuliza kama tujiandae na madumu. Watu walimcheka mwaka mzima, lakini na mimi dumu langu nilikuwa nimeshalisuuza.

Baada ya mwezi vikaja vigingi. Vifupi, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Vitatu walivipiga ndani ya mpunga wangu, na cha nne hatua mbili kutoka kaburi la mume wangu. Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba na karatasi. Alikuwa mtu mwoga mwenye sauti kubwa.

"Mmeshathaminiwa," akasema. "Kuanzia leo msiendeleze."

"Tusiendeleze nini?"

"Chochote. Usipande mti, usijenge, usiongeze chumba."

"Na paa? Nyasi zangu zimeoza, nilikuwa nataka kuezeka kabla ya masika."

Akaiangalia karatasi kama vile ingemjibu. "Ukiezeka watasema umeongeza thamani. Watakufuta kwenye orodha. Mimi sitaki lawama, mama."

"Tutahama lini?"

"Mtaambiwa."

Hapo ndipo tulipokwama. Kuhama hatuhami, kukaa hatukai. Ni kama mtu ameambiwa asimame hapo hapo, asisogeze hata mguu, mpaka arudi aliyemwambia. Na aliyemwambia hana haraka. Wengine hawakupanda kabisa msimu ule wakiogopa malori yatawahi. Mimi nilipanda, ila kila nikiinama nilikuwa nauliza mgongo wangu, mpunga huu nitauvuna mimi au utavunwa na tingatinga? Na masika yakaja juu ya paa bovu. Nyumba yangu ilivuja sehemu tano. Nilipanga masufuria matano sakafuni na kila moja lilikuwa na sauti yake. Usiku wa mvua mkwe wangu, mke wa mwanangu, tumbo lilikuwa limeshuka, akawa anahamisha mkeka kutoka kona hii kwenda ile kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwanangu alikuwa kibarua Kidatu, kwenye miwa, akirudi mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Kwa hiyo mkwe nilimpeleka mimi zahanati. Pale tuliambiwa tuje na glovu zetu, wembe wetu, uzi wetu, na mafuta ya taa kidogo kwa ajili ya taa, kwa sababu serikali haina pesa. Niliuza jogoo. Mjukuu wangu wa kike alizaliwa kwenye glovu nilizonunua mimi. Hilo mlikumbuke, kwa maana lilinirudia mdomoni siku chache baadaye.

Mkutano uliitwa darasani kwa sababu ya mvua. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Yule bwana wa viatu mkononi alisimama mbele, safari hii viatu amevivaa. Sisi tulikuwa tumeshambandika jina, Bwana Ushirikishwaji, kwa kuwa neno hilo halikumwisha mdomoni. Mmeshirikishwa, mtashirikishwa, ushirikishwaji wenu. Mimi Mkatoliki, kushiriki ninakokujua ni kwenye meza ya Bwana, na pale angalau unafumbua mdomo mwenyewe.

Akasoma ripoti. Akafika mahali palipoandikwa kwamba kaya zote zilizotembelewa ziliukaribisha mradi.

Nikanyoosha mkono. "Baba, mimi sijaukaribisha mradi."

Akafunua kurasa, hakuwa na hasira hata kidogo. "Kaya yako hii hapa, mama. Mjane, mkulima wa mpunga. Aliukaribisha mradi kwa moyo mkunjufu."

"Lini?"

"Siku ile tulipokuja kwako. Ulisema karibuni sana. Ukarudia tulipokuwa tunaondoka. Na viazi ukatupa."

Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, sitakataa. Kisha nikawaona wenzangu mmoja mmoja wakiacha kucheka, kila mtu anajikumbuka mlangoni kwake, alisema nini na alitoa nini. Yule bibi wa madumu alikuwa amewachinjia kuku.

Alisimama mtani wangu, Mngoni, fundi mstaafu wa reli, jirani yangu wa upande wa mashariki. Huyu alikuwa anasoma magazeti ya kufungia maandazi, hata kama ni ya mwaka juzi. Akauliza, "Hizi pesa za kutoboa ardhi ni za nani?"

"Kampuni imeomba mkopo benki ya nje," akajibu Bwana Ushirikishwaji. "Si benki ya mtu binafsi. Ni benki ya umma, ya maendeleo. Na serikali yetu imeweka mkono."

"Kuweka mkono ndiyo kudhamini?"

"Ndiyo, mzee."

"Yaani kampuni ikishindwa, tunalipa sisi."

"Umma ndio unaolipa, mzee. Kwa ujumla wake."

Nikasimama tena, dawati likanifuata nyuma kwa sababu nilikuwa nimebanwa. "Mimi ni umma?"

"Sote ni umma, mama."

"Basi ngoja nielewe. Glovu za mkwe wangu nimeuza jogoo, kwa kuwa umma hauna pesa. Ila pesa ya kuninyang'anya shamba umma unayo. Kwa hiyo nimelipia kumzalisha, na nalipia tena kujifukuza."

"Hivyo ni vifungu tofauti vya fedha, mama."

"Vifungu ni vyenu," nikasema. "Sisi ndio tuliofungwa."

Watu wakapiga meza. Mwenyekiti akapaza sauti kwamba atakayeleta fujo ataandikwa jina, na tukakumbuka kwamba watu wa kituo cha polisi walikuwa wamekaa mlangoni wawili, na marungu. Basi tukanyamaza. Lakini kabla ya kufunga mkutano Bwana Ushirikishwaji alisema jambo moja ambalo nadhani alilisema kutufurahisha. Alisema watu wa benki watakuja wenyewe kuonana na wananchi kabla ya kutia sahihi. Watakuja wiki inayofuata Pasaka. Siku hasa hakuijua, ilitegemea barabara.

Kabla ya kutia sahihi. Hilo nililibeba nyumbani kama kaa la moto.

Alhamisi tulikutana kwenye jumuiya yetu ya kanisa, wanawake watupu, tukasali upesi upesi kisha tukaongea. Wengine walitaka tubebe mabango. Nani angeandika? Wengine walitaka tulale barabarani. Mvua ile, na tumbo la mtu mzima kwenye tope, na polisi. Mimi nilikuwa nimelala na neno langu siku tatu.

Nikasema, "Kama karibu ndiyo sahihi yetu, basi tusiitie."

Wakanitazama.

"Watakuja kupiga hodi," nikasema. "Tusijibu. Nyumba zote. Waandike kwamba hakuna mlango uliowakaribisha."

Bibi wa madumu akashika kifua. "Mtu apige hodi usimjibu, mwenzangu? Tutaonekana wachawi."

"Bora mchawi mwenye shamba."

Tukakubaliana hivi. Wiki ile sisi kwa sisi tusipigiane hodi. Mtu wa kijijini akija kwa mwenzake akohoe tu, aingie. Atakayepiga hodi ndiye mgeni, na mgeni asijibiwe. Lilikuwa wazo langu na nililionea fahari. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Ila kukubaliana ni jambo moja. Mtani wangu alikuja kunifundisha. Akajificha nyuma ya jiko, akasubiri mpaka nimesahau, nimeshika mwiko.

"Hodi."

"Karibu."

Akachungulia. "Umekufa. Shamba limekwenda."

Tukarudia. Mara ya pili nikasema "Kari" nikaimeza nusu. Mara ya tatu nikasema "Karibu, pita ndani," na kigoda nikavuta. Mtani akakaa chini akicheka mpaka machozi.

"Wapogoro bwana," akasema. "Hata mwizi akipiga hodi mnamkaribisha, kisha mnamshikia mfuko."

"Na nyie babu zenu walipokuja huku hawakupiga hodi kabisa," nikamwambia. "Walibomoa mlango."

"Ndiyo maana hatukuandikwa kwenye ripoti."

Mkwe wangu ndiye aliyepata dawa. Alikuwa ananyonyesha, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, jaza maji mdomoni." Tukajaribu. Mtani akapiga hodi, mimi mashavu yamevimba, neno likaja mpaka kwenye koo likakuta maji, likarudi. Tukasambaza dawa hiyo kijiji kizima. Kila mlango ukawekwa kikombe.

Pasaka ikapita, ikaja wiki yenyewe. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Kijiji kilikuwa kama kimefiwa. Hujui mgeni atatokea saa ngapi, kwa hiyo huendi mbali, shambani unakwenda kidogo unarudi, ndege wanakula mpunga ulio karibu kuiva na hakuna wa kuwaamia. Mvua haikatiki. Nilikaa ndani ya nyumba yangu na masufuria yangu matano na kikombe changu cha maji, mlango nimeurudishia, nikawa mfungwa na askari jela mimi mwenyewe.

Jumatano mchana nikasikia kengele ya baiskeli. Kisha sauti ya mwanaume, siijui.

"Hodi."

Nikarukia kikombe. Nikajaza mdomo.

"Hodi hapa."

Mkwe wangu akamkumbatia mtoto kifuani. Mtoto akaanza kulia hata hivyo.

Yule mtu akasogea, nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, tope linachuruzika. "Hodi wenyewe," akasema mara ya tatu. "Natoka mbali."

Maji yalikuwa yameanza kupata joto mdomoni. Nilifumba macho. Nikasikia anashusha pumzi, nikasikia baiskeli inageuzwa, matairi yanabanduka kwenye tope, taratibu, mpaka mvua ikaifunika sauti.

Nikameza maji. Nikamwambia mkwe, "Mmoja tumemshinda." Nilijisikia shujaa. Nasema kweli, jioni ile nilikula kwa hamu.

Ijumaa alasiri mtani wangu alikuja akakohoa, akaingia. Alikuwa ametoka Ifakara sokoni. Hakutania. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo, kwa kuwa Mngoni yule hakuwahi kuvua kofia mbele yangu.

"Mtani," akasema, "nimekutana na watu wa Idete. Wananiuliza kwa nini hukuja."

"Kuja wapi?"

"Kwa mdogo wako."

Mdogo wangu, tumbo moja, aliolewa Idete. Homa ilimshika Jumapili ya Pasaka yenyewe. Jumatano aliona hatapona, akasema niitwe. Wakamtuma jirani yao mwenye baiskeli. Alikufa Alhamisi alfajiri. Wakati mtani ananiambia, walikuwa wameshamzika.

Nilikwenda usiku na mchana, maji yananifika kiunoni kwenye vijito. Nilikuta udongo mbichi, maua ya karatasi yamelowa yametoa rangi. Ndani wanawake wamekaa kwenye mikeka. Binti mkubwa wa mdogo wangu aliinuka, akanisalimia kama inavyotakiwa, shikamoo mama mkubwa, kisha akaniambia mbele za watu, kwa upole, na huo upole ndio ulioniua.

"Tulituma mtu, mama mkubwa. Alisema kwako mlango umerudishiwa. Alipiga hodi mara tatu. Ndani akasikia mtoto analia. Mama aliuliza mpaka mwisho. Tukamwambia unakuja."

Ningesema nini? Kwamba tulikuwa tunagoma? Kwamba kule kwetu wiki hii hodi ni ya adui, na nilikuwa na maji mdomoni? Nililala pale siku tatu za matanga. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyekaa karibu yangu.

Nilirudi nyumbani siku ya nne. Watu wa benki walikuwa hawajafika, barabara ya Kidatu ilikuwa imekatika. Kwa hiyo wenzangu walikuwa bado wanangoja, wiki imegeuka siku kumi, wamechoka, vikombe bado viko milangoni. Bibi wa madumu alinipa pole, kisha akanong'ona, "Tuache?"

"Hapana," nikasema. Lakini sauti haikuwa yangu ile ya jumuiya.

Walikuja kesho yake. Gari liliachwa mbali likiwa limezama, wakaja kwa miguu. Mzungu mmoja mwanamke, umri wangu kabisa, nywele fupi nyeupe, mabuti ya mpira. Binti mmoja wa Dar es Salaam wa kumtafsiria, anaruka madimbwi kama mbuzi. Na Bwana Ushirikishwaji, viatu mkononi tena. Niliwachungulia kwenye ufa wa dirisha. Walikwenda nyumba ya kwanza, hodi, kimya. Ya pili, kimya. Kwa bibi wa madumu walimkuta kibarazani hana pa kukimbilia, amekaa, mashavu yamejaa kama mwenye matubwitubwi, macho yamemtoka. Mzungu alimwamkia. Bibi akatikisa kichwa, tone moja likamponyoka kidevuni. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Wakaja kwangu.

"Hodi, mama," akasema Bwana Ushirikishwaji, sauti ya asali. "Ni sisi wale wa siku ile."

Maji yako mdomoni.

"Hodi, mama yetu."

Maji yako mdomoni. Mkwe ananitazama. Mtoto, kama anajua, analia.

Mara ya tatu hakupiga yeye. Alipiga yule mwanamke mwenyewe. "Odi," akasema. Sauti ya mtu mzima, ina kikohozi. Nikaona chini ya mlango mabuti mawili na maji yanachuruzika.

Mimi sikuyaona mabuti. Niliona miguu ya yule mtu wa baiskeli.

Nikatema maji kwenye sufuria. Nikafungua mlango. Nikasimama katikati, mkono mmoja kwenye mwimo huu, mwingine kwenye ule, nikaziba.

Nikamwambia yule binti wa Dar, "Mwambie nimefungua mlango. Sijamkaribisha. Aandike hivyo hivyo."

Binti akababaika. "Bibi, hiyo nitaisemaje? Itakuwa kama unamtukana."

"Aone atakavyoona. Sema."

Akasema. Yule mwanamke akamuuliza jambo, refu kidogo. Binti akanigeukia. "Anauliza, kwani karibu maana yake siyo kukubali?"

Nilingoja swali hilo tangu siku ile ya dawati.

"Karibu ni neno la mlangoni," nikamwambia. "Akija mtu kunidai namwambia karibu. Akija kuniletea msiba, karibu. Mtani wangu yule hapo ng'ambo, ananitukana kila siku, naye karibu. Maana yake kaa chini nikusikilize. Haina maana chukua shamba. Huyu bwana," nikamwonyesha kwa kidevu, "nilimwambia karibu, akala viazi vyangu, akaandika nimekubali. Ndiyo maana wiki iliyopita mtu alikuja mlangoni hapa kuniita nikamwone mdogo wangu anayekufa, na sikumwambia karibu, kwa kuogopa karatasi yenu. Mdogo wangu nimemkuta chini ya udongo."

Binti alitafsiri nusu, sauti ikamkatika, akaanza upya. Yule mwanamke aliacha kuandika.

Bwana Ushirikishwaji akakohoa. "Mama, mambo ya msiba tuyaweke pembeni, wageni wamekuja kwa ajili ya mradi."

"Nyamaza wewe. Viazi vyangu havijatoka tumboni mwako." Nikamrudia binti. "Mwambie nimesikia benki yake ni ya umma. Umma wa kwao siujui. Umma wa kwetu, mmoja wao ni mimi. Huyu mmoja hataki. Wengine wamejaza maji mdomoni, lakini nao hawataki. Akawaulize wakishatema."

Aliandika hilo, nilimwona. Kisha mvua ikazidi, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anaomba ajikinge mvua kidogo, bibi," akasema binti. "Ana kifua."

Mungu anisamehe, nilisimama pale mlangoni nisijue mikono yangu niipeleke wapi. Mama yangu angenipiga kibao. Nikarudi ndani, nikachukua kigoda, kile kile alichokalia Bwana Ushirikishwaji, nikakiweka nje chini ya upenu. Akakaa. Mimi nikasimama ndani. Lakini paa lenyewe ndilo hilo, na juu ya kichwa changu palikuwa na tundu la sufuria la tatu. Mvua ilitunyeshea sawasawa, yeye nje, mimi ndani. Aliinua macho akaangalia nyasi zilizooza, akaniangalia, akauliza kwa nini siezeki.

"Muulize huyo," nikasema.

Mvua ilipopungua alisimama, akakirudisha kigoda mwenyewe, akakiweka kwenye kizingiti bila kukivuka. Wakaenda.

Mnataka niwaambie tulishinda. Na mimi nilitaka kuambiwa hivyo. Hatukuambiwa. Yalipita mavuno, ikapita kiangazi, malori hayakuja. Wengine walisema benki imekataa kutoa pesa. Wengine wakasema wametoboa mahali pengine wakakuta maji matupu. Mtani wangu alidai amesoma gazetini, lakini gazeti lenyewe lilikuwa na mafuta ya maandazi mahali penyewe. Nilimwendea mwenyekiti.

"Sijapata barua," akasema.

"Na lile zuio?"

"Halijaondolewa."

"Aliondoe nani?"

"Aliyeliweka."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka, mama."

Kwa hiyo tukabaki tumesimama pale pale tulipoambiwa tusimame. Masika ya pili yalipokaribia nikakata nyasi mwenyewe. Mtani alipanda juu ya paa na goti lake bovu, akaezeka siku mbili, akaniambia, "Wakija kutukamata nitasema nilikuwa nachungulia tu." Kigingi cha kaburini niliking'oa kwa jembe. Vile vitatu vya shambani niliviacha, nikalima navyo, navizunguka kwa jembe mpaka leo utafikiri ni mawe ya Mungu. Rangi imetoka. Sikuvigusa kwa kuwa sijui vikitoka watakuja kuuliza nani aliyevitoa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba kwenye ekari tatu nilizozifyeka mwenyewe bado nina pembe ninazoziogopa.

Watu wa Idete hawakuja kwangu muda mrefu. Nilituma mchele, ukapokelewa. Nilituma salamu, zikapokelewa. Halafu siku moja, mjukuu wangu ameshaanza kutembea, nilikuwa nasukuma unga wa chapati, sikusikia kikohozi, nikasikia hodi.

Sauti niliijua. Binti mkubwa wa mdogo wangu. Alikuwa amesimama mbali, kwenye mti wa mpera, kikapu kichwani, hajakaribia hata nyumba, kama mtu aliyepima umbali wa kurudi.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Nilifumbua mdomo. Naapa niliufumbua. Neno likaja mpaka kwenye koo likasimama, likakuta maji ambayo hayapo. Nikameza mate. Nikameza tena. Nikamwona anashusha kikapu kidogo, anageuka upande.

Nikatoka mbio. Bibi mzima na mikono ya unga, kiatu kimoja. Nikamshika kiwiko, nikamvuta, nikamwingiza ndani ya nyumba yangu mpaka kwenye mkeka, unga wote kwenye nguo yake ya safari. Nilikuwa bado nimemshika.

"Mama mkubwa," akasema, "hujaniambia karibu."

"Kaa," nikamwambia. "Kaa, ule."